Kifaa cha Sita

Sikuzani alikuwa amekaa kwenye kigoda uani akichambua maharage, ungo mapajani, wakati Doto alipotoka chumba cha mbele na kusema printa imekataa tena.

"Imekataa nini?"

"Kuungana. Kompyuta inasema haiioni printa, printa inasema haiioni ruta, na ruta yenyewe imewaka taa zote kama haina kosa."

"Na mwalimu Gerson anasemaje?"

"Anasema anapitia karatasi zake kesho saa moja asubuhi. Mitihani sitini, kila mmoja kurasa nne."

Sikuzani aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye khanga na kuingia ndani. Ilikuwa siku ya tatu sasa. Printa ile waliinunua kuukuu ili wawachapie watu karatasi kwa malipo, tundu lake la waya wa kompyuta limekufa, kwa hiyo ilifanya kazi kwa waifai tu. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya babu yake Majidi, katikati ya Gongoni, kuta za udongo unene wa mkono mzima. Waifai ikipita ukuta mmoja, wa pili inachoka. Nje ya mlango wa mbele ulipita uchochoro ambao wazee waliuita njia ya msafara, kwa kuwa wapagazi waliotoka Ujiji na mizigo ya watu walipita pale kwenda pwani. Sikuzani hakuwa na nafasi ya kufikiria wapagazi. Alikuwa na mume fundi cherehani, mapacha wawili wa kidato cha nne, na Shija wa miaka minane aliyewafuata.

Walizima ruta, wakahesabu mpaka thelathini, wakawasha. Walizima printa, wakaiamuru isahau mtandao, wakaandika upya namba ya siri, herufi moja moja, Kulwa akisoma na Doto akibonyeza. Walihamisha ruta dirishani. Printa ilizungusha kitaa chake cha buluu, ikafikiri, ikakataa.

"Labda imelogwa," alisema Kulwa.

"Labda wewe umeandika namba ya siri vibaya," alisema Doto.

"Mimi nimesoma, wewe ndiye mwenye vidole kama mihogo."

"Nyamazeni," alisema Sikuzani. "Nileteeni simu."

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Alifungua ile programu ya ruta kwenye simu yake, na papo hapo maandishi yakatokea juu ya kioo: Kifaa kipya kinaomba kujiunga. Mahali pa jina palikuwa na mstari mmoja mfupi tu. Chini yake, Ruhusu na Kataa.

Kila aliyelelewa Gongoni anajua kwamba hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka anayebisha ajitaje jina na ukoo. Sikuzani aliwahi kuchapwa na mama yake kwa kosa hilo, mara mbili. Lakini hii haikuwa hodi. Hii ilikuwa simu, na maharage hayajachambuliwa, na mtu anataka mitihani sitini. Akabonyeza Ruhusu.

"Haya, karibu," alisema, akiwa amechoka, nusu kwa dhihaka. "Ingia tufanye kazi."

Printa ikaguna, ikavuta karatasi. Mapacha wakapiga makofi.

Mwalimu Gerson alizichukua asubuhi, zote zimepangwa na kufungwa kwa kamba. Saa sita mchana alirudi akiwa na karatasi moja mkononi.

"Mama Kulwa, hii nimeikuta katikati ya Jiografia. Nikasema ni yenu. Au mnahama?"

Alicheka, akaiacha juu ya meza, akaenda zake. Sikuzani aliisoma amesimama. Maandishi hayakufanana na ya kompyuta. Yalilala upande, manene hapa, membamba pale, kama yaliyoandikwa kwa kalamu ya kuchovya kwenye wino.

Majidi, pembe.
Kulwa, chumvi.
Doto, chumvi.
Shija,

Mbele ya jina la Shija hapakuwa na kitu.

Mapacha waliporudi shule aliwasimamisha mlangoni na kuwaonyesha karatasi.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Wallahi, mama, si mimi," alisema Kulwa.

"Wala mimi," alisema Doto. "Kwanza ningekuandika na wewe." Alichukua simu ya mama yake, akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na uso wake ukabadilika. "Mama, sisi tuna vifaa vingapi hapa ndani?"

Walihesabu pamoja. Kompyuta. Printa. Simu ya Baba. Simu ya Mama. Simu moja ya mapacha, wanayoigombania. Vitano. Kwenye kioo vilikuwa sita, na cha sita hakikuwa na jina.

"Mtoe. Jirani huyo anatuibia," alisema Sikuzani.

Doto alibonyeza Ondoa. Kikatoka. Alipoiweka simu mezani kilikuwa kimesharudi. Walibadilisha namba ya siri. Kikarudi bila kuiomba mpya. Majidi aliporudi jioni alimpigia simu fundi aliyewafungia ile ruta, naye akawaambia wachome sindano kwenye kitundu cha nyuma ili ianze upya kama imetoka dukani. Wakachoma. Kifaa cha sita kilikuwa cha kwanza kujiunga, hata kabla wao wenyewe hawajaweka namba.

"Hiki kina haraka kuliko sisi," alisema Majidi, akijaribu kucheka.

Asubuhi ya Alhamisi Majidi alishindwa kuvaa shati. Bega lake la kulia lilikuwa limechubuka, nyama nyekundu, kama la mtu aliyebeba gogo kutwa nzima. Yeye aliyeinamia cherehani miaka ishirini. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu mpaka vifundoni, na shuka vilevile.

"Ulitoka?"

"Nitoke niende wapi? Nimeota natembea tu."

Sikuzani alimpaka mafuta. Akaenda chumba cha mbele. Kwenye trei ya printa palikuwa na karatasi mpya, orodha ileile, ila jina la Majidi lilikuwa limepigwa mstari. Hata majina ya mapacha. Akakimbilia chumbani kwao. Walikuwa wamekaa kitandani, kila mmoja akimkanda mwenzake shingo, na midomo yao ilikuwa na utando mweupe. Kulwa aliulamba, akakunja uso.

"Chumvi," alisema.

Majidi alisema printa ile inakwenda chooni, shimoni, sasa hivi. Akaing'oa waya ukutani. Wakasimama wote wanne wakiitazama, waya ukining'inia mkononi mwake, na ile mashine iliyokatwa umeme ikaanza kuzungusha mitambo yake taratibu, na ndani ya mzunguko ule mlikuwa na mlio mwingine, chini kwa chini, chechele, chechele, kama njuga iliyofungwa mguuni mwa mtu anayetembea kwa uchovu. Harufu ikajaa chumba: jasho la watu wengi, tumbaku, na chuma kilicholowa. Karatasi haikutoka. Mlio ulikuja karibu, ukafika, ukanyamaza, na Majidi akarudisha waya ukutani, kwa sababu aliona ni heri mashine iwe na umeme wa serikali kuliko ule mwingine.

"Msimwambie Shija," alinong'ona Sikuzani. Shija alikuwa shule.

Saa nane mchana nyumba ilikuwa kimya. Jua la Tabora lilikuwa limebana mlangoni. Sikuzani alikuwa anaanua nguo aliposikia mtoto akiongea chumba cha mbele, kwa adabu, kama anavyoongea na mgeni. Alimkuta Shija amesimama mbele ya printa na sare zake za shule, shingo imenyooka, akisokota mtandio kuwa ngata.

"Unafanya nini?"

"Mama, nisaidie kuifunga. Yangu inafunguka."

"Ya kubebea nini?"

"Hajaniambia. Amesema tu ni mzito, nisije na kichwa kitupu."

"Nani huyo?"

Shija alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo analojua kila mtu. "Mgeni wako, mama."

Sikuzani alimshika kichwa. Utosini, nywele zilikuwa zimesagika zikaacha duara la ngozi tupu, laini, ukubwa wa kisahani cha chai. Nyuma yake printa ikavuta karatasi. Hakutaka kugeuka, akageuka.

Shija, mzigo wa mwisho. Ijumaa magharibi tunaondoka.

Ijumaa hiyo hakuna aliyekwenda shule wala kazini. Sikuzani alipanda bodaboda mpaka Itetemia kumfuata Bi Swaumu, mwanamke mzee anayeosha maiti za wanawake na kulima karanga, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hii bila kulitangaza. Bi Swaumu alimaliza kwanza kupukuchua debe lake la karanga. Walifika Gongoni saa tisa.

"Shikamoo bibi," walisema mapacha, shingo zimepinda.

"Marahaba." Hakukaa. Alipita chumba cha mbele, akanusa, akazitazama zile karatasi, akaziinua juani. Kisha akauliza, "Nani alimkaribisha?"

Mapacha wakamtazama mama yao.

"Huyu hakuvunja mlango. Amekuwa akibisha kwenye nyumba za uchochoro huu tangu enzi za mababu, kila magharibi, na watu hawamwitikii. Msafara wake umepungukiwa na watu njiani, nao hauwezi kufika kwa idadi pungufu. Sasa hapa kuna mtu amemwambia karibu. Nani?"

"Mimi," alisema Sikuzani. "Kwa simu. Nilidhani ni printa."

"Ulisema kwa kidole au kwa mdomo?"

"Vyote viwili. Nilisema, karibu, ingia tufanye kazi."

Bi Swaumu alivuta pumzi. "Tena ukamwahidi na kazi."

"Msomee, bibi, umfukuze," alisema Majidi.

"Nimfukuze vipi? Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, baba. Ukimfukuza anaondoka na hasira, na anaondoka na alichokuja kukichukua." Alimtazama Shija, aliyekuwa amekaa sakafuni akiangalia mlango. "Mgeni anasindikizwa. Na anasindikizwa na aliyemkaribisha. Unaona jina lako halimo humu? Wewe ni mwenyeji, hajakuandika. Utabeba chombo alichoingilia, utamtoa njia yake, kuelekea mashariki. Na unajua kusindikiza kulivyo: mwenyeji harudi mpaka mgeni amwambie inatosha. Usitue mzigo kabla hajasema."

"Asiposema?"

Bi Swaumu aliinama akaokota ule mtandio wa Shija, akausokota vizuri, mara mbili, akamkabidhi.

"Wewe una ulimi. Utautumia."

Saa kumi na moja Sikuzani alitoka na printa kichwani. Shija alitaka kumfuata. Majidi na mapacha walimshika, wote watatu, na bado aliwavuta hatua mbili.

Mwanzo ilikuwa printa tu. Alipita maduka, akapita wauza nyanya. Kijana wa bodaboda alimpigia kelele, "Mama, hiyo inaenda harusini au hospitali?" Mwingine akajibu, "Inaenda kwao, imechoka kunyimwa wino!" Sikuzani alicheka kidogo, kwa sababu mtu aliyebeba kitu kichwani akikataa kutaniwa ndipo watu wanapomtazama sana. Jirani yake alimuuliza anaenda wapi na jua linazama. "Namsindikiza mgeni," alisema. Jirani alitazama nyuma ya Sikuzani, akatabasamu kumtafuta mgeni, kisha akaingia ndani kwake haraka na kufunga mlango.

Nyumba zilipungua. Lami ikaisha, ikaanza njia ya vumbi kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Printa ilikuwa nzito sasa kuliko ndoo ya maji, na alipopita kisima cha mwisho ilikuwa nzito kuliko gunia, na shingo yake ikaanza kuzama mabegani, na nyuma yake akasikia njuga ile, chechele, chechele, halafu si njuga moja bali nyingi, na chini ya njuga nyayo, nyayo za watu wasio na viatu, watu kumi, watu mia, wasiosema, wanaohema kwa pamoja kila mara yeye alipohema, wanaosimama kila aliposita, na harufu ya jasho lao na tumbaku na chuma ikampita ikamtangulia, mpaka akaona kwamba hakuwa tena anamsindikiza mtu yeyote, alikuwa ndani ya safu, katikati yao, akitembea kwa mwendo wao, na miguu yake ilikuwa inaujua mwendo ule kuliko yeye, na vumbi lilikuwa jekundu mpaka vifundoni, na mbele yake hakukuwa na kitu ila njia.

Adhana ikasikika mbali nyuma, nyembamba kama uzi. Mgeni hakusema kitu.

Sikuzani alisimama. Miguu ilitaka kuendelea, akaikatalia. Nyayo zote nyuma yake zikasimama. Printa ilimkandamiza mpaka akaona weusi.

"Sikiliza," alisema, sauti ikimtoka kwa shida. "Nimekukaribisha mwenyewe, sikatai. Umekaa kwangu siku tatu. Siku tatu ndiyo haki ya mgeni, ya nne anashika jembe. Nimekutoa mlangoni, nimekufikisha njia yako, nimekubebea mzigo wako. Hata mgeni asiye na adabu hufika mahali akamwambia mwenyeji, inatosha. Nina watoto hawajala. Nina maharage motoni yananingoja. Mwanangu simtoi. Basi sema."

Mashimo ya pua yake yalijaa tumbaku. Kitu kilipumua karibu na sikio lake, taratibu, kama mtu anayefikiria bei.

"Kama umepungukiwa na mtu mmoja," alisema Sikuzani, kwa sauti ya chini zaidi, "mimi nimeshabeba. Niandike mimi. Mtoto mfute."

Hilo Bi Swaumu hakumfundisha. Lilimtoka mwenyewe.

Juu ya kichwa chake, bila waya, bila umeme, mitambo ikaanza kuzunguka. Karatasi ilitoka pole pole, ikateleza kwenye paji la uso wake, vuguvugu, ikamfunika macho. Akaishusha kwa mkono mmoja. Palikuwa na mwanga wa kutosha kusoma.

Inatosha. Nenda kawapakulie.

Alitua printa katikati ya njia. Ilikuwa nyepesi, kipande cha plastiki tu. Alirudi bila kukimbia, na hakuna aliyemfuata.

Bi Swaumu alikuwa ameshaondoka. Uani taa iliwaka, na sauti aliyoisikia kwanza ilikuwa ya Shija akigombana na Doto juu ya nani atakwangua ukoko wa sufuria ya mchana. Majidi alisimama, akamtazama mkewe toka kichwani mpaka nyayo za vumbi.

"Amekwenda?"

"Tuleni."

Alimvuta Shija, akampapasa utosini. Nywele zilikuwa zimejaa, ngumu, za kawaida, zinahitaji kusukwa. Mtoto alijitoa kwa kero. "Mama, unanivuruga."

Sikuzani alisonga ugali mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa. Aliketi mkekani shingo imenyooka, akapakua maharage sahani kwa sahani, na kama ilivyo desturi yake ya kila siku akawahesabu kabla mtu hajanawa. Majidi. Kulwa. Doto. Shija. Na yeye. Watano, wote wapo.

"Mama, tumemaliza naye!" alisema Doto, ameinamia simu ya mama yake. "Tazama. Jana vilikuwa sita. Leo vimebaki vitano."

"Alhamdulillahi," alisema Majidi, akanyoosha mkono kwenye bakuli la kunawia.

Sikuzani alikuwa ameshika upawa. Kompyuta. Simu ya Baba. Simu ya Mama. Simu ya mapacha. Printa ilikuwa njiani, kwenye vumbi. Alihesabu tena, polepole, na vikawa vinne tena.

"Lete hiyo simu."

Doto alimpa. Orodha ilikuwa fupi, na safari hii kila kifaa kilikuwa na jina. Cha tano kiliandikwa kwa herufi zilizolala upande, nene hapa, nyembamba pale.

Sikuzani, mzigo wa mwisho.

Hapakuandikwa siku. Alisoma orodha yote, juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Jina la Shija halikuwamo. Utosini kwake mwenyewe, chini ya mtandio ambao hakuwa ameuvua, alihisi duara dogo la ubaridi, ukubwa wa kisahani.

Alizima simu na kuiweka chini ya mkeka.

"Hakuna simu kwenye chakula," alisema. "Shija, nawa mikono. Kuleni, kinapoa."